Ukilinganisha na Nini?

Mwanzoni mwa 2011 barabara ya vumbi inayoelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, ilijaa foleni ya magari yenye urefu wa kilomita nyingi. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alikuwa akitoa kikombe kimoja cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti wa mugariga kwa shilingi 500, na ilisemwa kwamba kikombe hicho kinaponya kisukari, pumu, saratani na hata Ukimwi. Maskini walikwenda kwa nauli ya kuchangiwa na ukoo. Wakubwa walikwenda kwa helikopta. Magazeti yaliripoti vifo vya makumi ya watu waliokata roho wakisubiri zamu, na wapo walioripotiwa kuacha dawa za kufubaza virusi baada ya kunywa. Imekuwa desturi kuisimulia habari hii kama kioja cha watu wajinga. Sikubaliani. Waliokwenda Samunge walikuwa na taarifa tele: ujumbe wa simu, kurasa za mbele za magazeti, redio, na zaidi ya yote ushuhuda wa jirani aliyerudi akitembea mwenyewe. Walifanya kile ambacho mtu mwenye akili hufanya akikosa njia nyingine, waliwauliza walionusurika. Kilichokosekana ni swali moja ambalo hawakuwahi kufundishwa darasani, zahanati wala redioni: jirani huyu amepona ukimlinganisha na nani?

Tulitazame swali hilo kwa utulivu, maana kila kitu katika sura hii kinalizunguka. Mtu mwenye pumu au vidonda vya tumbo haumwi kwa kiwango kilekile siku zote. Ana wiki mbaya na wiki nafuu. Safari ya siku tatu porini haifungwi katika wiki nafuu. Mfa maji hukamata maji, na mgonjwa hufunga safari pale hali inapokuwa mbaya kuliko zote. Baada ya siku mbaya kuliko zote, siku inayofuata ina nafasi kubwa ya kuwa bora, kikombe kiwepo kisiwepo. Anayepata nafuu anarudi kijijini na kusimulia. Aliyezidiwa anazikwa, na makaburi hayatoi ushuhuda. Hapo bado hatujamgusa yule aliyekunywa kikombe huku akiendelea kumeza vidonge vya hospitali kimyakimya, kisha akakishukuru kikombe. Ili kujua kama dawa imefanya kazi, unahitaji kuwaona wote walioinywa, waliosimulia na walionyamaza, kisha uwaweke kando ya wagonjwa wa aina ileile ambao hawakuinywa. Hoja hii haihitaji shahada. Mkulima anayejaribu mbegu mpya huacha tuta moja la mbegu ya zamani pembeni ili ajue kama mavuno yametokana na mbegu au na mvua. Ajabu ni kwamba akili hiyohiyo ya tuta la pembeni hatuipeleki kwenye dawa, na elimu yetu ya afya haijawahi kutuambia tuipeleke.

Kwa sababu elimu ya afya, tangu tulipoanza kuitoa kwa wingi, imekuwa elimu ya majibu. Chemsha maji. Lala ndani ya chandarua. Nyonyesha miezi sita. Ni majibu mema, na wakati mwingine yalitolewa kwa ustadi ambao leo hatuufikii. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 inastahili heshima kuliko inayopewa. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 Tanzania Bara walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, chini ya viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000 waliofundishwa kwa kazi hiyo. Mpangilio wake ulikuwa wa busara: kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu kwa sauti ili asiyejua kusoma asiachwe nyuma, kikajadili, kisha kikaamua la kufanya kabla ya kikao kijacho. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Nani leo, mwenye programu za simu na fedha za wafadhili, anaweza kuonyesha matokeo ya namna hiyo? Waandaaji walielewa jambo ambalo wabunifu wengi wa sasa hawalielewi, kwamba mtu habadilishi mwenendo wa nyumba yake kwa sababu amesoma ujumbe peke yake. Anaubadilisha akiwa amebishana na wenzake na kusikia mwenzake akisema kesho ataanza kuchimba.

Hata hivyo Mtu ni Afya ilifanya kazi katika mazingira ambayo hayapo tena. Redio ilikuwa moja, na sauti ya kitaalamu ilikuwa moja. Leo kijana mwenye simujanja Tandahimba au Turkana anapokea majibu 20 kabla ya kunywa chai: daktari wa kweli, mtu aliyejipa udaktari, muuza vidonge vya lishe, shangazi aliyetumiwa sauti na shangazi mwingine. Ukimwongezea jibu la 21, hata likiwa sahihi kuliko yote, umemwongezea kelele tu, kwa kuwa hana kipimo cha kulitofautisha na hayo 20. Lipo pia tatizo la zamani kuliko intaneti: majibu sahihi hubadilika. Kwa miongo mingi mama wa Kitanzania alifundishwa kwamba homa ni klorokwini. Mwaka 2001 akaambiwa klorokwini iachwe, atumie SP, yaani sulfadoksini-pirimethamini. Mwishoni mwa 2006 sera ikabadilika tena, SP ikaondolewa kama tiba ya kwanza na ikaja dawa mseto. Kila badiliko lilikuwa na sababu nzuri, vimelea vilikuwa vimekuwa sugu na vipimo vilionyesha hivyo. Lakini aliyefundishwa jibu bila sababu yake aliona serikali inayogeuka kama kinyonga, na SP ilipoingia ilikutana na uvumi mzito kwamba inababua ngozi na kuua. Yalikuwapo madhara ya kweli ya ngozi, machache na adimu. Ila hakuna aliyekuwa amemfundisha mama huyo kuuliza: machache kati ya wangapi, na wangapi wangekufa kwa malaria bila dawa hiyo?

Je, swali kama hilo linafundishika kwa watoto wa shule ya kawaida, darasa lenye watoto 60 na vitabu vichache? Jibu la kuaminika tunalo, nalo halikutoka mbali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakiwamo Allen Nsangi na Daniel Semakula, pamoja na wenzao wa Norwei, waliandaa kitabu cha katuni na mwongozo wa mwalimu, wakavipeleka katika shule za msingi za Uganda ya kati mwaka 2016. Shule 120 zilipigiwa kura: 60 zikapata masomo, 60 zikaendelea kama kawaida. Kwa maneno mengine, walijipima kwa kanuni ileile waliyokuwa wakiifundisha, jambo ambalo kampeni nyingi za afya huliepuka. Watoto zaidi ya 10,000 wa darasa la tano walihusika. Masomo yalikuwa 9, kila moja dakika 80, katika muhula mmoja. Hakukuwa na orodha ya magonjwa ya kukariri. Watoto walijifunza kwamba dawa inaweza kuwa na faida na madhara kwa pamoja, kwamba kupona kwa mtu mmoja hakuthibitishi kitu, kwamba kitu kutumiwa miaka mingi na wengi si ushahidi wa kufaa kwake, kwamba kipya au ghali si lazima kiwe bora, na kwamba ulinganisho uwe wa haki, makundi yafanane, tena yawe ya watu wa kutosha. Katika mtihani wa maswali 24, asilimia 69 ya watoto waliofundishwa walifikia alama ya kufaulu. Katika shule za kulinganisha walikuwa asilimia 27. Walipopimwa tena mwaka mmoja baadaye, waliofundishwa walikuwa asilimia 80 na wenzao asilimia 51 hivi. Elimu haikufutika.

Sitaki kuuza matokeo haya kama muuza vidonge anavyouza chake, kwa hiyo niseme na upande wa pili. Masomo yaliwasaidia watoto wote, lakini waliosoma vizuri zaidi walifaidika zaidi, maana yake mpango usipoangaliwa utapanua pengo ulilotaka kuliziba. Wazazi 675 waliingizwa katika jaribio sambamba la vipindi vya kusikiliza, na pale mwanzoni asilimia 71 ya waliosikiliza walifaulu dhidi ya asilimia 38 ya wengine. Mwaka mmoja baadaye sehemu kubwa ya ujuzi huo ilikuwa imeyeyuka. Mtu mzima anayesikiliza peke yake husahau. Mtoto aliyebishana darasani kwa muhula mzima hasahau upesi. Tofauti hiyo naisoma kama ushahidi wa pili, wa kimyakimya, kwamba waandaaji wa 1973 walikuwa sahihi kuhusu kikundi. Na kufaulu mtihani si sawa na kuamua vema mtoto anapopatwa na degedege saa nane usiku. Hilo la mwisho bado ni deni. Hata hivyo mwaka 2022 kazi hiyo iliendelezwa katika sekondari za Kenya, Rwanda na Uganda, shule zaidi ya 200 kwa jumla, kwa masomo yaliyoandaliwa kidijitali ambayo mwalimu angeweza kuyafundisha kwa projekta au kwa ubao na chaki tu. Katika nchi zote tatu waliofundishwa waliwapita wenzao kwa mbali. Dokezo la ubao na chaki nalipenda, kwa sababu linajibu kabla hayajaulizwa maneno ya wale wanaosema tusubiri kwanza umeme na kompyuta.

Sasa tuingie mtandaoni, mahali ambapo wengi huanzia na ambapo mimi nimechelewa kwa makusudi. Mafunzo mengi ya kutafuta habari za afya kwenye intaneti hufundisha vidole: fungua hapa, andika hapa, bonyeza hapa. Vidole vya watoto wetu havihitaji mwalimu. Shida inaanza baada ya kubonyeza, na kwa msomaji wa Kiswahili inaanza mahali tofauti na kwa msomaji wa Kiingereza. Mwaka 2018 Michael Golebiewski wa Microsoft alilipa jina tatizo ambalo sisi tunaishi nalo: ombwe la taarifa, yaani neno la kutafutia ambalo likiandikwa hakuna kilicho bora cha kurudishwa, hivyo kinarudi chochote kilichopo. Andika kwa Kiingereza kuhusu uvimbe wa mfuko wa uzazi, utapata kurasa za hospitali kubwa na vyama vya madaktari. Andika kwa Kiswahili kuhusu kusafisha kizazi, UTI sugu, ngiri au nguvu za kiume, na walio tayari kukupokea ni wauzaji, wenye namba ya simu juu, ushuhuda katikati na bei chini. Muuzaji hakuvamia uwanja wa mtu. Aliukuta mtupu. Mhariri wa wizara anaandika mwongozo kwa lugha ya semina. Muuzaji anaandika kwa maneno yaleyale ambayo mgonjwa anayatumia akizungumza na dada yake. Mtambo wa kutafutia hauchagui anayesema kweli. Huyaoanisha maneno na maneno.

Kwa hiyo somo la kwanza la utafutaji linapaswa kuwa somo la msamiati, na hapa wataalamu wa anthropolojia wametusaidia kuliko wahandisi. Tafiti zilizofanywa Bagamoyo na Bonde la Kilombero katika miaka ya 1990 zilionyesha kwamba kwa wazazi wengi homa, malaria na degedege hayakuwa ngazi tatu za ugonjwa mmoja. Degedege ilikuwa na asili yake, mara nyingi isiyo ya mbu, na iliaminika kwamba sindano huweza kumuua mtoto mwenye hali hiyo, hivyo mganga ndiye aliyestahili kuendewa kwanza. Mzazi mwenye ramani hiyo kichwani akipewa simu atatafuta dawa ya degedege, na kila atakachopata kitaikazia ramani yake. Hataandika malaria kali, kwa sababu kwake hiyo ni habari nyingine. Kinyume chake kipo pia: mazoea ya kuita kila homa malaria. Uchunguzi wa watoto 1,005 wenye homa katika Dar es Salaam na Ifakara, uliochapishwa mwaka 2014, uliikuta malaria kwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi, na sehemu kubwa ya waliobaki walikuwa na maambukizi ya virusi ya njia ya hewa. Anayemfundisha mtu kutafuta amfundishe kwanza kuandika dalili anazoziona, mtoto anahema kwa kasi, hanyonyi, amelegea, na si jina la ugonjwa alilokwisha kuliamini. Jina ni hitimisho. Ukianza na hitimisho, mtandao utakupigia makofi.

Somo la pili linahusu namna ya kuutazama ukurasa, na ushahidi wake unatoka Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambako Sam Wineburg na Sarah McGrew, katika utafiti wa mwaka 2017, waliwaketisha wanahistoria 10 wenye udaktari, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 mbele ya kompyuta. Waliwaonyesha tovuti mbili za madaktari wa watoto. Moja ni ya chama kikuu cha taaluma hiyo nchini humo, kilichoanzishwa mwaka 1930. Nyingine ni ya kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002, ambacho jina lake linafanana na la kwanza na tovuti yake ni nadhifu kwelikweli. Wasomi wengi walinasa. Walibaki ndani ya ukurasa, wakapima nembo, lugha na orodha ya marejeo. Wahakiki waliondoka ukurasani ndani ya muda mfupi, wakafungua kurasa nyingine na kuuliza wengine wanasema nini kuhusu hawa. Wakaujua ukweli haraka kuliko maprofesa. Kwa wanakijiji hili si geni hata kidogo. Posa ikiletwa, hakuna ukoo unaomjua kijana kwa kumsikiliza yeye akijieleza. Mjumbe hutumwa kwa majirani. Mwalimu mwenye akili ataanzia hapo, kwenye mjumbe wa posa, kisha amwonyeshe mwanafunzi kwamba ukurasa wa dawa nao ni mchumba asiyejulikana kwao.

Na mjumbe huyo aende wapi? Mahali papo, ingawa ni pachache na hapatangazwi. Kitabu cha David Werner kipo kwa Kiswahili kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari, na shirika lililokichapa huweka maandishi yake ya Kiswahili mtandaoni bure. Tanzania wizara ya afya ina namba ya simu ya bure, 199. PesaCheck na Nukta Fakti huhakiki uvumi kwa Kiswahili. Roboti wa mazungumzo nao wameingia, wanajibu kwa Kiswahili laini kupita cha mhariri wa gazeti, na ulaini huo ndio unaonitia wasiwasi, kwani sisi ni watu tunaoheshimu ufasaha. Roboti naye aulizwe maswali yale ya darasa la tano. Uzito wa lugha yenyewe usidharauliwe: wakati wa hofu ya Ebola, shirika la Translators without Borders liliwapima Wakenya kwa maelezo yaleyale katika lugha mbili. Waliopewa Kiingereza chepesi walijibu sahihi kwa asilimia 16, waliopewa Kiswahili kwa asilimia 92. Ni nadra kwa dawa yoyote kuonyesha tofauti kubwa namna hiyo.

Pingamizi la kwanza ni la haki, na wanaolitoa mara nyingi ni wauguzi wenyewe. Wanasema: kijiji kisicho na maji, zahanati isiyo na dawa, nawe unaleta fikra tunduizi? Maskini anahitaji paracetamol, hahitaji mantiki. Nakubali nusu ya kwanza bila kinyongo. Hakuna somo litakalochimba kisima. Lakini pingamizi hili linamhesabu maskini kama mtu asiyetumia pesa kwa afya yake, na ukweli ni kinyume. Analipa, tena kwa fedha taslimu, kabla ya kufika zahanati: chupa ya kusafisha damu, kifurushi cha lishe cha bei ya mbuzi, antibayotiki nusu dozi. Analipia pia kipimo cha taifodi cha Widal, ambacho kikifanywa mara moja tu hakiwezi kutofautisha vizuri maambukizi ya leo na ya zamani, kisha anauziwa dawa kwa ugonjwa ambao huenda hana. Swali moja lililoulizwa kwa wakati, kipimo hiki hukosea mara ngapi, linaweza kubakiza nyumbani ada ya mtoto. Tajiri akidanganywa hupoteza chenji, na bado ana daktari wake wa familia wa kumrekebisha. Asiyekuwa na daktari ndiye anayehitaji zaidi kujua kupima maneno.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mfundishe mtu kushuku, naye atashuku chanjo na daktari wake. Hofu hii nimeipima kwa muda, na naona inachanganya mambo mawili. Kukataa kila kinachosemwa na wakubwa ni uvivu uleule wa kukubali kila kinachosemwa na wakubwa. Kote kuwili mtu anatazama msemaji badala ya ushahidi. Swali la ulinganisho halina upendeleo. Linamsumbua muuza kikombe, linamsumbua waziri, nalo likielekezwa kwa chanjo ya surua, chanjo inashinda, kwa sababu hesabu zake zipo. Mwaka 2020 Watanzania walihimizwa na viongozi wajifukize dhidi ya korona, na ndege ya serikali ikatumwa Madagaska kuchukua dawa ya mitishamba. Mwanzoni mwa Mei takwimu za wagonjwa zilikoma kutolewa, zikiwa zimesimama kwenye 509. Raia aliyezoea kupokea jibu kutoka juu alifanya nini? Alipokea. Mwaka uliofuata juu paliposema chanjo inafaa, wengi walishindwa kupokea tena, na hilo sioni jinsi ya kuwalaumu. Utii haukujenga imani ya kudumu. Daktari mzuri haogopi kuulizwa. Anachoogopa ni foleni ya watu 80 nje ya mlango, na hilo ni tatizo la ajira, tusilisingizie elimu.

Wapo pia watakaosema kwamba hii ni njia ya ujanja ya kuzika dawa za asili chini ya sayansi ya wageni. Historia inawajibu vizuri kuliko mimi. Kwinini ilitokana na gome la mti wa Andes. Artemisinini iliyomo ndani ya dawa mseto ilitolewa kwenye pakanga ya Kichina na Tu Youyou, aliyepata dokezo katika maandishi ya tiba ya karne ya 4 na kutunukiwa Nobel mwaka 2015. Mmea huo umelimwa kwa biashara hata Arusha. Ulinganisho wa haki hauulizi dawa imetoka chupani au porini. Unauliza walioitumia wamekuwaje kando ya wasioitumia. Mugariga ungepewa heshima kubwa zaidi kwa kupimwa hivyo kuliko kwa kuimbiwa sifa, na kama una nguvu dhidi ya ugonjwa hata mmoja tu kati ya ile mingi, foleni ya Samunge ilikuwa nafasi adimu ya kulijua hilo.

Walimu tunao, au tuko karibu kuwa nao. Kenya mwaka 2023 ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakiwa na mikoba ya vifaa na simu. Tanzania mwaka 2024 ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano. Wakipewa ujumbe wa kusambaza tu, watakuwa vipaza sauti vinavyotembea. Wakipewa simu moja, kikundi cha watu 15 chini ya mwembe na madai matatu yaliyozagaa wiki hiyo, wayatafute pamoja na kuyapima kwa sauti, asiyesoma akisikiliza na kubisha sawa na anayesoma, tutakuwa tumeufufua mpango wa 1973 kwa kazi mpya. Bando la mtu mmoja litawatosha 15. Wiki ya pili wanakikundi walete madai wenyewe, na kufikia wiki ya tano mhudumu anyamaze zaidi kuliko anavyosema.

Shuleni kikwazo ni kidogo na kigumu kwa pamoja. Mwalimu anayefundisha kwa ajili ya matokeo ya darasa la saba hatatoa dakika 80 kwa wiki kwa kitu kisichoulizwa kwenye mtihani, na simlaumu; mkuu wake wa shule anapimwa kwa hayo matokeo. Vipindi 9 ni saa 12 za muhula mmoja. Baraza la mitihani likiweka kwenye karatasi ya sayansi swali moja tu la namna hii, shangazi yake Asha alikunywa dawa fulani akapona kikohozi, taja mambo mawili unayohitaji kujua kabla ya kuamini kwamba dawa ndiyo iliyomponya, saa hizo 12 zitapatikana mwaka huohuo bila waraka wowote wa wizara.